Klachi Iliyoganda na Fundi Asiye na Haraka

Gari linawaka bila shida, moshi wa kwanza unapungua, injini inatulia. Dereva anakanyaga klachi hadi chini, anashika gia, gia inagoma. Akilazimisha, giaboksi linasaga meno. Akizima injini, akaweka gia ya kwanza, kisha akapiga stata huku mguu umebana klachi, gari linaruka mbele kana kwamba hakukanyaga kitu. Mafundi wa magari ya zamani wa Kamembe wanaijua dalili hiyo vizuri, na swali lao la kwanza halihusu gari lenyewe. Wanauliza limelala muda gani, na limelala wapi.

Swali la wapi lina uzito wake katika wilaya ya Rusizi. Wengi bado wanapaita Cyangugu, jina la mkoa uliofutwa mwaka 2006, na mji wake wa biashara ni Kamembe. Wilaya iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ziwa lililo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, pale mto Rusizi unapotoka ziwani kuteremkia Tanganyika, na ng'ambo ya mto ni Bukavu. Upande wa mashariki kuna msitu wa Nyungwe, unaopokea mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya Rwanda. Mvua zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kiangazi cha kweli ni Juni, Julai na Agosti. Hewa ya huku ina majimaji hata siku isiyo na wingu. Mtu akifunika gari lake kwa turubai akidhani amelilinda, mara nyingi amelifungia unyevu ndani.

Unyevu huo unakwenda mahali ambapo jicho halifiki. Klachi imejificha kati ya injini na giaboksi, ndani ya ganda la chuma. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma cha kusubu. Juu yake imefungwa presha pleti yenye springi kali. Katikati ya hivyo viwili imebanwa pleti ya klachi, sahani nyembamba iliyovikwa tabaka la msuguano pande zote mbili, na tundu lake la katikati lina meno yanayoteleza juu ya shafti ya giaboksi. Mguu ukiwa juu, springi zinaibana sahani hiyo kwa nguvu ya mamia ya kilo, na mzunguko wa injini unapita kwenda kwenye magurudumu. Mguu ukishuka, presha pleti inarudi nyuma milimita moja au mbili tu, sahani inapata nafasi ya kujitenga, na gia zinaweza kubadilishwa kwa amani.

Sasa chukua gari lililokaa mvua kadhaa bila kutembea. Springi zimeibana sahani usiku na mchana. Unyevu umeingia kwenye mpaka kati ya chuma na tabaka la msuguano, chuma kimeota kutu, na kutu hiyo imejishikiza kwenye vinyweleo vya tabaka. Ukikanyaga klachi, presha pleti inarudi nyuma kama ilivyoagizwa, lakini sahani inabaki imeng'ang'ania flaiwili. Kinachoishika ni utando mwembamba wa kutu. Wembamba huo ndio unaowadanganya watu wakadhani dawa yake ni kishindo kimoja kikubwa.

Niliikuta Land Rover moja ya Series III uani kwa fundi mmoja wa Kamembe, gari la toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mwenyewe alikuwa amefariki, na gari likabaki chini ya kibanda cha mabati karibu na ziwa. Mwanawe anayeishi Kigali alitaka lirudi barabarani, na alikuja na ushauri wa jirani: lifungwe mnyororo nyuma ya lori, liwekwe gia, livutwe mpaka klachi iachie. Fundi, mtu mzima wa maneno machache, alimsikiliza hadi akamaliza.

"Na ikikataa kuachia," akamuuliza, "kitakachokatika ni nini?"

Kijana hakuwa na jibu, na fundi hakumsuta. Lakini kila alichofanya baada ya hapo kilikuwa jibu la swali hilo. Nguvu ukiitia kwenye gari haipotei. Ikishindwa kutokea kwenye klachi itatafuta pa kutokea pengine, na itachagua penye udhaifu. Katika Land Rover za zamani, pa kwanza panapojulikana kwa kukatika ni hafshafti za nyuma. Baada ya hapo kuna meno ya difu, na meno ya giaboksi lenyewe. Lori linalovuta halijui lini liache. Kwa hiyo fundi alizipanga njia zake kuanzia ile isiyoweza kuvunja kitu, na hakupanda ngazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza.

Ngazi ya kwanza haikuwa na uhusiano na kutu. Klachi ya Series III hufunguliwa kwa mafuta: kanyagio linasukuma masta silinda, mafuta yanapita kwenye bomba hadi silinda ndogo pembeni mwa ganda la klachi, na kifimbo cha silinda hiyo kinasukuma uma unaoifungua klachi. Mafuta haya ni yale yale ya breki, nayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, maji yake yanakula kuta za silinda na mipira inakauka. Fundi alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta na kukuta yamegeuka kahawia. Akaingia uvunguni na tochi, akamwita mwanafunzi wake apande kwenye usukani.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mzee."

"Umefika chini?"

"Nimefika."

"Kaa hapo hapo, usiachie."

Kifimbo kilitoka kidogo mno, kisha kikaanza kurudi chenyewe polepole ilhali mguu wa mwanafunzi haujaondoka. Kwa afya kinapaswa kutoka zaidi ya sentimita moja na kubaki huko. Kumbe gari lilikuwa na maradhi mawili, na moja lilikuwa linalificha jingine. Aliyekimbilia kulivuta kwa lori angeweza kuvuta hadi jioni, klachi ikiwa haijafunguliwa hata robo.

Silinda zote mbili zikatolewa, zikasafishwa, kuta zake zikapitishwa msasa laini. Ile ndogo ilikuwa imechimbika kiasi kwamba mpira mpya usingeshika, ikabidi itafutwe nyingine. Kamembe ina bahati ya kuwa mpakani: kinachokosekana hapa huenda kipo Bukavu, na kisipopatikana huko kinaagizwa Gatsata, kule Kigali wanakouza vipuri vya kila rika. Yakatiwa mafuta mapya ya breki. Fundi alimkumbusha mwanafunzi kwamba atakayemimina oili ya injini humo anaua mipira yote, maana itavimba na kulainika. Kisha wakatoa upepo kwenye bomba, mmoja akikanyaga, mwingine akifungua na kufunga skrubu, mpaka mapovu yakaisha.

Kifimbo sasa kilitoka chote na kusimama. Gia bado ikasaga. Fundi alionekana kuridhika na matokeo hayo, jambo lililomshangaza mwenye gari. "Tumebaki na ugonjwa mmoja," alisema. Kuna furaha ya aina yake katika kazi ya mtu anayejua kwamba kufuta jambo moja kwenye orodha ni maendeleo, hata kama gari halijasogea hata shubiri.

Ngazi ya pili ilikuwa kutazama. Chini kabisa ya ganda la klachi Land Rover hizi zina tundu la kutolea maji na mafuta yaliyopenya. Lina kizibo chake cha skrubu kinachotiwa gari likienda kuvuka mto, kisha kinatolewa. Watu wengi wanakitia na kukisahau. Hapa pia kilikuwa kimesahauliwa. Fundi alikifungua kwa spana, yakadondoka maji machache ya rangi ya kutu. Akayachukua kwenye vidole, akayasugua, akanusa. Alikuwa anatafuta oili. Kama ingekuwamo, maana yake ni kwamba sili ya injini au ya giaboksi inavuja, tabaka la msuguano limelowa, na hakuna njia isipokuwa kufungua. Haikuwamo. Yalikuwa maji ya kutu tu, na hayo yana tiba nyepesi.

Tiba hiyo ni joto na muda. Injini iliwashwa, gia ikiwa frii, ikaachwa ikinguruma uani. Mtu asiyejua angedhani fundi ameacha kazi, maana aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akanywa chai. Lakini kila baada ya kitambo alinyoosha mkono chini ya gari na kulishika ganda la klachi. Alikuwa anasubiri joto lifike pale, si kwenye rejeta. Chuma kikipata moto hutanuka, na tabaka la msuguano halitanuki kwa kiasi kile kile, hivyo mpaka kati yao unavutwa huku na huku. Unyevu nao unakauka na kutu inapoteza mshiko. Ganda lilipokuwa moto kiasi cha mkono kushindwa kukaa, alimwagiza mwanafunzi akanyage na kuachia klachi mara nyingi, bila gia na bila resi. Halafu wakazima, wakakandamiza kanyagio hadi chini na kulizuia kwa kipande cha mti kilichokatwa kwa kipimo, ncha moja kwenye kanyagio, nyingine kwenye fremu ya kiti.

Kipande hicho cha mti kinastahili kutazamwa vizuri. Kikiwa mahali pake, springi haziibani tena sahani; kinachoishikilia ni kutu peke yake. Gari linalala hivyo usiku kucha, chuma kinapoa na kusinyaa katika ubaridi wa ziwani, na kila mtikisiko mdogo unafanya kazi bila mtu. Magari mengi huachia hapo. Asubuhi dereva anakanyaga, gia inaingia, na wenyeji wanasema gari limejirekebisha lenyewe. Fundi anaweza kuliacha hivyo kwa usiku kadhaa, akirudia joto mchana, ilimradi silinda ni nzima na kanyagio halipandi.

Land Rover hii haikuachia. Ndipo fundi akapanda ngazi ya tatu, ile ya kutumia nguvu, na hapo ndipo nilipomvulia kofia.

Kwanza alitia mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Kisha akainua ekseli ya nyuma kwa jeki na kuiweka juu ya stendi mbili. Jeki aliitoa, kwa kuwa hakuna anayefanya kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake. Alihakikisha gari liko kwenye mwendo wa magurudumu mawili, ili ya mbele yasizunguke. Akafukuza watoto waliokuwa wanatazama nyuma ya gari. Akaweka gia ya nne injini ikiwa imezimwa, akapiga stata. Injini ikawaka, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka hewani.

Kwa nini gia ya nne, wakati wengi wangeweka ya kwanza? Gia ya kwanza ya Series III huzidisha nguvu ya kuzungusha zaidi ya mara 3 kabla haijatoka kwenye giaboksi. Ukiibana klachi kwa kushika breki ukiwa gia ya kwanza, mzigo ule ule unaohitajika kuvunja kutu unafika kwenye shafti za nyuma ukiwa umekuzwa. Gia ya nne inaipitisha nguvu jinsi ilivyo. Kutu inapata mkazo uleule, na vyuma vya nyuma vinapata mkazo mdogo.

Kisha breki. Dereva wa kawaida angekanyaga breki ya mguu, inayoshika magurudumuni, na mkazo wote ungepita kwenye hafshafti, pale pale penye udhaifu. Lakini hendibreki ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, mahali shafti ya kwenda difu ya nyuma inapoanzia. Ukiivuta, vita vinapiganwa kati ya injini na ngoma hiyo tu. Difu na hafshafti vinabaki watazamaji, vikibeba uzito wa magurudumu yanayosimama na si zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo mawe ya mbele yalikuwa ya lazima: gari la namna hii likishainuliwa nyuma, hendibreki haiwezi kulizuia lisisogee.

Fundi alikaa mwenyewe kwenye usukani. Alikanyaga klachi hadi chini, akaongeza resi kidogo, akavuta hendibreki kwa mkono mmoja, kwa mpigo mfupi. Injini ikalemewa, ikakaribia kuzimika, akaachia. Akasubiri. Akarudia, tena kwa kipimo kile kile, bila kuongeza hasira. Kati ya mipigo aliachia injini ipumue na kusikiliza. Hatimaye ukasikika mlio mfupi, mkavu, ndani ya ganda. Magurudumu yakasimama, na injini ikapanda sauti kwa kuwa imetua mzigo. Mwanafunzi akapiga kelele ya furaha. Fundi alitoa gia, akairudisha, akaitoa tena. Iliingia kimya.

Kama isingeachia, angefungua. Hakuwa anaiogopa kazi hiyo. Anaijua, na kwa kuijua ndiyo maana hakuikimbilia. Kulitoa giaboksi la Land Rover hizi ni kung'oa viti, sanduku la chuma lililo chini ya viti na sakafu yote ya mbele, kisha kulinyanyua giaboksi na kulipitisha mlangoni. Bolti za sakafu zilizoota kutu zinakatika vichwa, kila kimoja kikiomba muda wake. Halafu kuna vumbi. Pleti za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ile ile ambayo serikali ya Rwanda imekuwa ikiiondoa kwenye mapaa tangu 2011 kwa sababu ya madhara yake kwenye mapafu. Fundi huyu hapulizi vumbi la klachi kwa kompresa kama wengi wanavyofanya. Analipangusa kwa kitambaa kibichi na kukifungia kwenye mfuko.

Kazi haikuishia kwenye mlio. Kutu iliyoachia bado imebaki juu ya flaiwili na juu ya sahani, na ikiachwa hivyo klachi itatetemeka kila gari likiondoka. Fundi aliliingiza gari barabarani na kuondoka nalo mara kwa mara mahali tambarare, akiachia kanyagio taratibu ili sahani isugue chuma na kujisafisha yenyewe, kisha akilipa mwanya lipoe. Ilitoka harufu kali kidogo, ikaisha. Baadaye akalipeleka kwenye mteremko unaoshuka kutoka Kamembe kwenda ziwani, akageuza, akasimama katikati ya kilima pua ikitazama juu. Huko ndiko klachi inakotoa hukumu yake. Sahani iliyochanika, au iliyobakisha kipande cha tabaka lake kwenye flaiwili, haiwezi kuondoka kilimani bila kutetemeka au kuteleza. Land Rover iliondoka bila kurudi nyuma hata kidogo.

Mwenye gari aliuliza kama akiliwasha kila Jumamosi akaliacha lingurume nusu saa itatosha kulizuia lisigande tena. Alikuwa na nia njema, na wengi hufanya hivyo. Fundi alimweleza kwamba injini ikinguruma gia ikiwa frii na mguu ukiwa juu, pleti inazunguka pamoja na flaiwili ikiwa imebanwa vile vile. Hakuna kilichojitenga, hakuna kilichosuguliwa. Gari linatakiwa litembee, libadilishwe gia, lisimame vilimani na kuondoka. Kama anarudi Kigali na hakuna wa kuliendesha, basi alilaze na kipande cha mti kwenye kanyagio, kizibo cha chini kiwe kimetolewa, na turubai lisiguse ardhi ili upepo upite. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama gari halikutoka kibandani.

Kijana aliuliza kipi kati ya hayo ni cha lazima kuliko vingine, kwa kuwa Septemba ilikuwa inakaribia. Fundi alimwambia aanze na kutafuta dereva.